Usukani Juu, Bomba Fupi

Ukiona baiskeli ya mbio imepangwa spesa sita, zile pete za kujaza nafasi, chini ya stemu, ule mkono unaoushika usukani, usimcheke mwenyewe. Mgongo una sababu zake. Wengi wetu Afrika Mashariki hatununui baiskeli hizi kwa kupimwa. Tunanunua ile iliyoshuka kwenye kontena, bei yake imekubali na fremu yake haijapinda. Baada ya saa moja barabarani shingo inauma, viganja vinakufa ganzi, na dawa iliyo karibu ni kupandisha usukani. Kama mwenye baiskeli wa kwanza hakulikata bomba la foki, fundi anazihamisha spesa zilizokuwa juu ya stemu na kuziweka chini yake, kazi ya dakika kumi, na safari ya kurudi nyumbani inakuwa ya raha.

Kasoro hujitokeza siku ya kilima. Ukisimama juu ya pedeli na kuvuta usukani kulia na kushoto, sehemu ya mbele inajibu kwa kuchelewa. Ukibana breki ya mbele kwa nguvu, unaona stemu inainama mbele kidogo kisha inarudi. Hilo ni bomba la foki linalonepa: lile bomba linalopanda kutoka mabegani mwa foki, likapita ndani ya shingo ya fremu na kutokeza juu ili stemu ilikumbatie. Shauri langu kwa mwenye tatizo hili ni moja. Urefu wa usukani utafute popote, ila kipande cha bomba kilicho wazi juu ya beringi kiwe cha mwisho kukiendea.

Bomba hushikwa na beringi mbili shingoni, moja chini na moja juu. Kati ya hizo limetulia. Juu ya beringi ya juu halina wa kulishika. Limesimama kama upondo uliochomekwa kwenye tope, na wewe unausukuma kwa ncha. Wahandisi wana kanuni yao: nguzo iliyoshikwa upande mmoja ikirefushwa mara mbili na kusukumwa nchani kwa nguvu ileile, ncha husogea mara nane zaidi. Upana nao una kanuni. Bomba lenye ukuta mwembamba huongezeka ugumu kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake, ndiyo maana bomba la zamani la inchi 1, yaani milimita 25.4, lilipoliachia nafasi la milimita 28.6, ugumu ulipanda kwa zaidi ya asilimia 40 hata ukuta ukiwa na unene uleule.

Hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Foki za siku hizi husifiwa kwa bomba lililonenepa chini, inchi moja na nusu, likapungua kuelekea juu. Unene huo unasaidia kweli, lakini unasaidia kule chini ambako breki na mashimo ya barabara hupiga. Kile kipande kinachotokeza juu ya shingo, ambacho ndicho kesi yetu, kwenye baiskeli nyingi bado ni milimita 28.6 kama zamani. Giant kwa mfumo wao wa OverDrive 2, na Canyon kwenye baiskeli zao kadhaa, walikwenda hadi milimita 31.8 huko juu, na kwa hesabu ileile bomba hilo ni gumu zaidi kwa theluthi na ushei. Lakini foki ya namna hiyo haiingii kwenye fremu isiyoundwa kwa ajili yake, kwa hiyo usiifuate dukani ukidhani utaifunga kwenye baiskeli uliyonayo.

Ile mara nane nayo isikutishe kupita kiasi. Mwili haulisukumi bomba peke yake. Tairi, usukani, stemu na miguu ya foki, vyote hulegea kidogo chini ya uzito wako, na bomba ni mmoja tu katika msafara huo. Mtu wa kilo 60 anayeendesha ameketi, viwiko vimelegea, anaweza kukaa miaka na spesa za sentimita tatu asihisi lolote. Wa kilo 95 anayependa kupanda vilima akiwa amesimama atahisi wiki ya kwanza. Tena mnepo wenyewe si ugonjwa, maana bomba lisilonepa hata kidogo halijatengenezwa. Kinachoua bomba ni mnepo ukikutana na stemu iliyofungwa vibaya au jeraha la zamani ambalo hakuna aliyelitazama.

Kabla ya kutoa shilingi mfukoni, hakikisha kinachosogea ni bomba. Simama mbele ya baiskeli, bana tairi la mbele kwa magoti, shika vishikio vya breki, kimoja ukisukume chini na kingine ukivute juu. Mwombe mwenzako arekodi kwa simu, kwanza kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni. Ukiitazama video polepole, mara nyingi utaona ncha za usukani ndizo zinazopinda, hasa usukani mpana wa bei nafuu, au wa zamani ambao pale stemu inapoukamata una kipenyo cha milimita 26 badala ya 31.8 za leo. Mnepo huo hautatibiwa kwa kupunguza spesa.

Kisha zikague beringi. Geuza usukani digrii 90, bana breki ya mbele, weka kidole pale spesa ya chini inapokutana na shingo ya fremu, halafu isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga kudogo chini ya kidole, beringi zinacheza, na mchezo huo hujifanya mnepo kwa namna inayowadanganya hata mafundi wazoefu. Tiba yake ni bure. Legeza bolti za pembeni za stemu, kaza bolti ya kifuniko cha juu kidogo kidogo mpaka kugonga kuishe huku usukani ukigeuka bila kukwama, nyoosha stemu na tairi, ndipo uzikaze bolti za pembeni kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Bolti ya juu haishiki stemu. Kazi yake ni kuondoa uwazi kwenye beringi, basi. Wapo mafundi wanaoikaza mpaka alenki inalia. Wanaziua beringi, na kwenye bomba la kaboni wanang'oa kitanuzi kilichomo ndani.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: hamisha spesa zote za chini uzipandishe juu ya stemu, stemu ikae chini kabisa, kisha panda kilima unachokijua. Mgongo utalalamika, uvumilie siku moja. Kama ule uzito wa kujibu haujapungua hata kidogo, bomba halina hatia, na ulichohifadhi ni pesa ya foki nzima.

Swali linalofuata wengi hulirukia: unahitaji urefu, au unahitaji ukaribu? Mtu akisema usukani uko chini mno, mara nyingi shida yake ni kwamba uko mbali mno. Dalili ni hizi: viwiko vimenyooka kama vijiti, mabega yamepanda masikioni, na ukijisahau unajikuta umeshika sehemu ya katikati ya usukani nyuma ya vishikio vya breki. Mtu huyo mpe stemu iliyo fupi kwa milimita 10 au 20 na huenda asidai urefu tena. Tazama na kiti. Kiti kilichoinama pua mbele humwaga uzito wote viganjani, na kilichopanda kupita kiasi huongeza kina cha usukani bila usukani kuguswa. Wengi walioona mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, waliondoka wakitamani stemu zilizolala juu ya beringi kama za wataalamu. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5 akiwa na mgongo wa miaka 27 na mtu wa kumkanda jioni. Sisi wengine tupange baiskeli kwa mgongo tulionao.

Ikiwa urefu unahitajika kweli, anza na stemu. Hapa ndipo kuna utajiri ambao watu wanaupita. Stemu ya kawaida ya baiskeli ya mbio ina pembe ya digrii 6, na kiwandani hufungwa ikiinama. Ipindue tu, yaani ifungue, uigeuze juu chini, uifunge tena. Kwenye fremu ambayo shingo yake imelala kwa digrii 73, stemu ya milimita 100 ikipinduliwa huupandisha usukani milimita 20, na huuleta kwako kwa milimita 6 hivi. Bomba halijarefuka hata unywele. Kupata milimita 20 hizohizo kwa spesa ungehitaji spesa za milimita 21, kwa sababu bomba limelala nyuma: kila milimita 10 ya spesa hukupa kimo cha milimita 9 na nusu na kuuleta usukani nyuma milimita 3.

Kama 20 hazitoshi, kuna stemu za digrii 17. Ya milimita 100 iliyofungwa ikitazama juu itakupa takriban milimita 37 zaidi ya ile ya digrii 6 iliyoinama. Tatizo lake ni kwamba usukani unarudi nyuma kwa milimita 15, na baiskeli iliyokuwa ikikutosha kwa urefu inageuka ya mtoto. Jibu ni kununua stemu iliyo ndefu kwa milimita 10 kuliko uliyokuwa nayo. Ya milimita 110 kwa digrii 17 inakupa milimita 42 za kimo na inakurudisha nyuma 7 tu. Chukua mtu aliyekuwa na spesa za milimita 40 na stemu iliyoinama. Kwa stemu hii anaweza kuzitoa spesa zote, usukani ubaki karibu palepale, na kipande cha bomba kilicho wazi kifupike hadi kile kidogo kinachobaki chini ya stemu. Sijui njia nyingine yenye faida kubwa hivyo kwa bei ya stemu moja.

Kuna atakayeuliza: si nguvu zangu bado zinatua juu kule kule, na wenzo wake juu ya beringi ni uleule? Ni kweli, na pale kwenye beringi ya juu bomba litaona mzigo uleule. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya kimo sasa imebebwa na stemu, kipande cha aluminiamu chenye tumbo pana kuliko bomba, na kile kinachonepa kwa urahisi kimepungua. Waendeshaji wengi hawaipendi sura ya stemu iliyotazama juu. Wanasema inaharibu mstari wa baiskeli. Nimesikia hoja hiyo kutoka kwa watu walioweka spesa za sentimita tano, na bado naitafuta mantiki yake.

Usukani wenyewe ni chanzo cha pili cha kimo. Zipo sukani zilizoundwa zikipanda milimita 15 au 20 kutoka pale stemu inapozikamata kabla ya kwenda pembeni, na nyingine zaidi ya hapo. Specialized walizifunga kwenye Roubaix kwa jina la Hover. Ukiunganisha usukani wa namna hiyo na stemu iliyopinduliwa, umepata milimita 35 hadi 40 bila spesa hata moja. Na kama unachokiogopa ni pembe za chini, angalia kina chake. Sukani za zamani zilishuka milimita 140 na zaidi. Zilizofupishwa za leo hushuka kama 125. Hapo pembe za chini zimepanda sentimita moja na nusu na sehemu ya juu haijaguswa. Vishikio vya breki navyo vinaweza kupandishwa kidogo kwenye mkunjo, lakini kidogo tu. Vikitazama mbinguni, kifundo cha mkono kitavunjika kwa uchovu, na kidole hakitaifikia breki ukishuka mteremko wa Kitonga.

Sasa spesa, kwa kuwa wapo ambao bado watazihitaji. Kwanza soma kitabu cha mtengenezaji wa foki, si wa stemu. Kwa mabomba ya kaboni wengi huweka ukomo wa milimita 30 au 40 za spesa chini ya stemu, na baadhi huhesabu humo hata kile kifuniko kirefu cha beringi chenye umbo la koni, ambacho mara nyingi kina milimita 15 au 20. Mtu anaweza kudhani amefuata sheria kumbe kifuniko kimeshakula sehemu kubwa ya ukomo kabla hajaweka spesa ya kwanza. Kifuniko hicho tazama kama unaweza kukibadilisha na kifupi: si beringi, hakilishiki bomba, kinajaza nafasi tu.

Spesa moja ndefu ni bora kuliko sita fupi. Zikibanwa vizuri kati ya stemu na beringi, spesa husaidiana na bomba kupinga kunepa, na kila kiungo kati yao ni mahali pa kuupoteza msaada huo. Zichague za aluminiamu au kaboni, si za plastiki, ncha zake ziwe zimekatwa sawasawa, na upana wake ulingane na tako la stemu. Usitarajie muujiza. Faida ni ndogo, ila gharama yake ni kama ya chupa mbili za soda. Ukiweza, nunua stemu ambayo sehemu yake ya kukumbatia bomba ni ndefu, maana kila milimita iliyomo ndani ya mkumbatio huo hainepi tena.

Ndani ya bomba la kaboni kuna kitu ambacho mtumba hufika bila nacho mara nyingi: kitanuzi, ile silinda ya chuma inayopanuka ikikazwa na kuushikilia ukuta wa bomba kutoka ndani. Wengi wanadhani kazi yake ni kuipa bolti ya juu mahali pa kushika. Kazi yake kubwa zaidi ni kulizuia bomba lisipondwe na stemu. Kwa hiyo lazima kikae kwenye kimo kilekile ambacho bolti za stemu zinabana. Mtu akipandisha stemu kwa spesa na kukiacha kitanuzi kule chini, amelibana bomba tupu. Nunua kirefu, cha sentimita 7 au zaidi, kinachoanzia juu ya stemu na kuteremka kwenye eneo la spesa. Kinaongeza na ugumu kidogo, ingawa chuma kilicho ndani ya bomba hakina nguvu ya kilicho nje. Nati ya nyota, ile inayopigwa kwa nyundo, ni ya mabomba ya chuma na aluminiamu. Kwenye kaboni inakwaruza ukuta na kuanzisha ufa.

Bolti za stemu kwa kawaida zimeandikwa niutoni-mita 5. Fuata kilichoandikwa, na spana ya kupimia nguvu ikikosekana, mtafute fundi aliye nayo. Mkono unaokaza boda boda haujui niutoni-mita 5 ni nini. Kwenye kaboni paka ile krimu ya mshiko yenye chembechembe kama mchanga, stemu itashika bila kukazwa kupita kiasi. Watengenezaji kadhaa hutaka spesa ya milimita 5 juu ya stemu ili mkumbatio wote uwe juu ya bomba na usiishie hewani, wengine hawataki. Hapo tena kitabu ndicho chenye kauli.

Kuna vifaa vya kurefusha bomba vinavyokumbatia ncha yake na kuipa sentimita kadhaa zaidi. Kwenye bomba la chuma la baiskeli ya kwenda sokoni sina ugomvi navyo. Kwenye kaboni usiviweke. Vinalibana mahali ambapo hakuna kitanuzi, kisha vinaongeza wenzo juu yake. Na pale ambapo fundi wa kuchomelea atakwambia anaweza kuunganisha kipande cha bomba juu ya foki yako ya chuma, mshukuru, mlipe soda, ondoka. Joto la kuchomelea hulilegeza bomba palepale linapobeba mzigo mkubwa.

Wenye baiskeli za mbio za zamani, zile ambazo stemu yake inazama ndani ya bomba na kubanwa na kabari, wana njia tofauti. Mfumo wa stemu kukumbatia bomba kwa nje ulienea miaka ya 1990 baada ya AheadSet ya Dia-Compe. Kabla yake, kupandisha usukani kulikuwa ni kulegeza bolti moja, kugonga na kuvuta. Hapo kinachonepa ni shina la stemu lenye milimita 22.2, jembamba kuliko bomba lenyewe, ila bomba lako haliathiriki ilimradi alama ya kima cha chini cha kuzamisha isionekane. Nitto wa Japani hutengeneza Technomic, stemu yenye shina la milimita 225, kwa watu hawa hasa. Inanepa, ndiyo. Lakini ni aluminiamu iliyofuliwa kwa kazi hiyo, na mtu mzima anayeendesha kwa starehe hatakuwa na la kulalamika. Usipake rangi wala kukwangua alama ile.

Yote haya yakishindikana, umefika kwenye foki na fremu. Kubadilisha foki ya bomba la kaboni kwa ya bomba la chuma kunakuongezea gramu mia kadhaa na kukuondolea kikomo kikali cha spesa, kwa sababu chuma huvumilia kubanwa na hutoa onyo kabla ya kukatika. Kama unaendesha kwa afya na si kwa saa, ni biashara nzuri. Fremu yenye shingo ndefu ni nzuri zaidi, maana inaipandisha beringi ya juu yenyewe. Bomba linashikwa juu zaidi, umbali kati ya beringi mbili unaongezeka, na spesa hazina kazi. Baiskeli za safari ndefu kama Roubaix, iliyotoka 2004, na Domane ya Trek, iliyotoka 2012, ziliundwa kwa wazo hilo: kimo kiwe kwenye fremu. Unaponunua, uliza kimo kinachopimwa wima kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi ncha ya juu ya shingo. Baiskeli mbili zilizoandikwa saizi 56 zinaweza kutofautiana sentimita mbili hadi nne hapo, na hizo sentimita ndizo spesa ambazo ungezibeba baadaye. Jihadhari na zile ambazo waya za breki zimepita ndani ya stemu na beringi. Kupindua stemu haiwezekani kwa nyingi kati yao, spesa ni za mtengenezaji tu, na fundi atatoza saa nzima kwa mabadiliko ya sentimita moja.

Lolote utakalochagua, ving'oe vitu hivyo mara moja kwa mwaka na ulitazame bomba. Aprili 2006, kwenye Paris–Roubaix, Mmarekani George Hincapie wa timu ya Discovery Channel alikuwa kundi la mbele wakati usukani ulipobaki mikononi mwake. Bomba la foki lilikuwa limekatika. Akaanguka na kuumia bega. Alikuwa ameshaanguka mapema katika mbio hizohizo, na Trek, waliotengeneza baiskeli, walieleza kwamba bomba lilidhurika katika ajali ile ya kwanza. Lilikuwa la aluminiamu, wala si la kaboni. Kwa hiyo baiskeli iliyoanguka kwa mbele ikaguliwe kabla ya kupandwa tena, hata ikionekana nzima. Pangusa bomba kwa kitambaa, lizungushe kwenye mwanga, tafuta mstari, weupe, mchubuko wa duara pale ukingo wa chini wa stemu ulipokaa. Kwenye pwani angalia na unga mweupe chini ya spesa: jasho na chumvi huila aluminiamu taratibu, na anayefanya mazoezi ndani ya nyumba juu ya mashine hulidondoshea bomba jasho hilo saa nzima. Ukiona ufa, hata mwembamba, foki hiyo haina tena safari.

Kukata bomba kuje baada ya mwezi au miwili ya kuendesha, ukiwa umeridhika na kimo. Mpaka hapo spesa za ziada zikae juu ya stemu, sura yake isikusumbue. Pima mara mbili, uache ncha ya bomba iwe milimita 3 chini ya ukingo wa kitu cha juu kabisa, iwe stemu au spesa. Zungushia tepu mahali pa kukata, tumia msumeno wa meno madogo, 32 kwa inchi, kata upande mmoja hadi katikati kisha ugeuze ukutane na mkato kutoka upande wa pili ili nyuzi za kaboni zisichanike mwishoni. Lowesha kwa maji unapokata na vaa barakoa, vumbi la kaboni halifai mapafuni. Laini ukingo kwa msasa, rudisha kitanuzi, funga, na baada ya safari ya kwanza pima tena bolti za stemu.